Safari ya Popi: Jinsi Mbwa wa Kitengela Anavyohamia Ng'ambo

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mlezi wa chama aliniagiza niandike makala ya mafunzo juu ya jambo nililolishuhudia kwa macho yangu, wala si la kunakili kutoka vitabuni. Niliposimama katika mkutano wa Ijumaa nikataja kichwa cha makala yangu, chama kizima kiliangua kicheko. Mmoja aliuliza, “Kwani mbwa ana pasipoti?” Mwingine akataka kujua kama atakalia kiti cha dirishani. Nilicheka nao, maana mwezi wa Januari hata mimi nilikuwa sijui lolote.

Anayeijua Kitengela anajua kwamba ni mji wa mageti. Ukishuka matatu kwenye barabara ya Namanga ukaingia mitaani, utaona kila geti limeandikwa “Mbwa Kali”, na nyuma ya mengi ya mageti hayo hamna mbwa hata mmoja, ni kibao tu cha kuwatisha wezi. Geti la jirani zetu lilikuwa na kibao na mbwa pia. Mbwa mwenyewe anaitwa Popi. Ni jina la mbwa mtoto, na alipewa akiwa mtoto kweli, lakini sasa ana miaka sita na uzito wa kilo ishirini na nane. Rangi yake ni ya nyasi kavu za kiangazi. Sikio moja limesimama na la pili limelala. Aliyemuuza alidai kwamba mama yake alikuwa wa ukoo wa mbwa wa polisi. Kuhusu baba yake hakudai chochote.

Mama wa jirani hao ni muuguzi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba kuhusu wahudumu wa afya, na tangu hapo wauguzi wengi wametuma maombi ya kazi huko. Yeye alipata nafasi, akaondoka katikati ya Januari mwaka huu. Mumewe na binti yao, ambaye ni rafiki yangu na tulikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, walipangiwa kumfuata muhula wa kwanza ukiisha. Jioni moja tukiwa jikoni kwao tunamenya viazi, rafiki yangu alimwuliza baba yake, “Na Popi je?” Mzee akajibu bila kuinua kichwa, “Popi tutamkatia tikiti.” Aliamini hivyo hasa. Alifikiri mbwa ni kama sanduku zito, kwamba ukilipia uzito wake umemaliza.

Kulikuwa na kadi ya chanjo, na hiyo ndiyo iliyompa mzee imani. Popi alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa katika kampeni ya bure iliyofanyika uwanjani kwa chifu, mwaka baada ya mwaka, na kadi ilikuwa na mihuri yote. Siku moja mwezi wa Februari mzee aliketi na simu yake akasoma masharti ya serikali ya Uingereza tangu mwanzo hadi mwisho, akisoma kwa sauti nasi tukisikiliza. Alipofika mstari wa kwanza alinyamaza. Mbwa lazima atiwe chipu kabla ya chanjo, au siku ile ile. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Popi hakuwa na chipu. Kwa hiyo kadi yake ile yenye mihuri yote, mbele ya Waingereza, ilikuwa ni karatasi.

Hebu nieleze chipu ni nini, kwa kuwa wengi wetu tulidhani ni kama ile ya simu. Hii ni kijidude kidogo mfano wa punje ya mchele, ambacho daktari wa mifugo hukidunga chini ya ngozi, kati ya mabega. Haina betri wala haimfuatilii mbwa alipo. Ndani yake mna nambari tu, ya tarakimu kumi na tano kwa zile za kipimo cha kimataifa, na nambari hiyo husomwa kwa mashine inayopitishwa juu ya mgongo. Sababu ya kuitanguliza ni rahisi ukiifikiria. Kadi inasema “Popi, rangi ya kahawia”. Mbwa wa kahawia walioitwa Popi hapa Kitengela peke yake wangejaza lori. Bila nambari mwilini, afisa wa Heathrow atajuaje kwamba aliyechanjwa ni huyu aliye mbele yake, na si ndugu yake?

Nikiri kwamba nilikasirika. Niliona kana kwamba tunadharauliwa, na kwamba daktari wetu wa kwa chifu haaminiki. Mwalimu wetu wa Biolojia ndiye aliyenituliza, si kwa kunibembeleza bali kwa kunieleza ugonjwa wenyewe.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, virusi huingia kwenye jeraha na kusafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma machache au hata mwaka, ila mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Katika muda huo wote mgonjwa huonekana mzima kabisa. Dalili zikishatokea, basi. Karibu hakuna anayepona, awe mtu au mnyama. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huwa wameumwa na mbwa. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912 kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na mwaka 1928 ukathibitishwa kwa binadamu. Mpango wa taifa wa kuumaliza, uliotolewa mwaka 2014, ulikadiria kwamba unaweza kuua watu elfu mbili kwa mwaka katika nchi yetu. Mpango huo unataka vifo hivyo viishe kabla ya mwaka 2030 kupita, na njia yake kuu ni kuwachanja mbwa saba kati ya kila kumi, kwa maana idadi hiyo ikifikiwa ugonjwa hukosa pa kushika.

Waingereza nao waliwahi kuwa na ugonjwa huu. Waliumaliza mwaka 1902. Halafu vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vikiisha mwaka 1918, ukarudi, na lawama ikaangukia mbwa walioingizwa kwa siri na askari waliokuwa wakirejea nyumbani. Iliwachukua hadi mwaka 1922 kuumaliza tena. Mtu aliyewahi kufukuza nyoka nyumbani mara mbili hawezi kulaumiwa akiziba kila tundu. Hasira yangu ilipungua, ingawa haikuisha.

Sasa tuingie katika kalenda, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Tarehe 15 Februari Popi alidungwa chipu na siku hiyo hiyo akachanjwa upya. Baada ya chanjo ni lazima zipite siku thelathini ndipo damu itolewe, ili mwili upate muda wa kutengeneza kingamwili. Siku ya thelathini iliangukia tarehe 17 Machi. Mzee aliongeza juma moja kwa tahadhari, damu ikatolewa tarehe 24 Machi. Damu hiyo haipimwi popote tu. Inapelekwa katika maabara iliyokubaliwa na nchi zinazompokea mbwa, kama ile ya Onderstepoort karibu na Pretoria huko Afrika Kusini. Kinachotafutwa ni kingamwili zisizopungua yuniti 0.5 za kimataifa katika kila mililita. Zikipungua, unachanja tena na kuanza tena.

Na hata zikitosha, hujamaliza. Kutoka siku ile damu ilipotolewa, mbwa anangoja miezi mitatu kamili kabla ya kuruhusiwa kuingia. Rafiki yangu aliuliza kwa uchungu, “Kama damu imeonyesha ni mzima, wanangoja nini tena?” Jibu ni kwamba damu haikuonyesha hivyo. Imeonyesha tu kwamba chanjo imeshika. Kama Popi alikuwa ameumwa na mbwa mgonjwa kabla chanjo haijashika, virusi vingekuwa bado njiani kuelekea ubongoni, kimya, na hakuna kipimo cha kuviona mbwa akiwa hai. Kinachoweza kuvifichua ni muda. Ndiyo maana niliwaambia wenzangu chamani kwamba ukiwa na pesa za kununua ndege nzima, bado miezi hiyo mitatu utaingoja kama mwenye kuuza sukuma wiki.

Piga hesabu: 24 Machi mpaka 24 Juni. Shule zilifungwa Aprili, na kazi ya mama ilikuwa imeshaanza. Kwa hiyo baba na binti wangeondoka kabla ya mbwa. Usiku ule mzee alikuja kwetu, akakaa na wazazi wangu mpaka saa nne. Kesho yake niliambiwa kwamba Popi atakaa kwetu mpaka Agosti. Mzee anarudi mwezi huo kumalizia mambo ya ploti yake, naye ataondoka na mbwa. Kuna sharti lililomlazimisha kupanga hivyo: mbwa anayesafiri kama mnyama wa nyumbani anatakiwa asiachane na safari ya mwenyewe kwa zaidi ya siku tano. Akichelewa kuliko hapo anahesabiwa kama bidhaa ya biashara, na masharti yanakuwa mengine. Mzee alitutolea methali: “Mbwa hafi maji akiona ufuko. Ufuko wetu ni tarehe 24 Juni, na Agosti tutakuwa tumeshaupita.”

Hapa naomba nikiri jambo ambalo rafiki yangu atalisoma akitumiwa jarida hili. Nilipoambiwa Popi anakuja kwetu, nilianza kutamani damu ikatae. Sikutaka augue. Nilitaka tu ile nambari iwe ndogo, 0.3 au 0.4, ili abaki. Rafiki yangu alikuwa anaondoka, na nilihisi kwamba angalau mbwa angekuwa wangu. Majibu yaliporudi baada ya Pasaka, mzee alipiga simu kutoka huko akisherehekea. Nambari ilikuwa juu mara kadhaa ya ile inayotakiwa. Nilisema, “Hongera, mzee,” kisha nikatoka nje nikakaa naye kwenye ngazi. Yeye hakujua chochote, alikuwa anatafuna kandambili ya mama yangu.

Mama yangu kwa upande wake haoni sababu ya mambo haya yote. Si kwamba anamchukia Popi. Humpikia ugali na mifupa bila kuombwa. Ila kila akisikia malipo mapya, ya chipu, ya damu, ya kupeleka damu, ya kizimba, husema, “Na kuna watoto wamefukuzwa kwa sababu ya karo.” Sina la kumjibu. Shangazi yangu alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, akawaacha watoto wawili kwa nyanya, na mkataba wake haukuwa na nafasi ya kwenda na mtoto, sembuse mbwa. Nilipomsimulia habari za Popi kwa simu alicheka sana, halafu akanyamaza, halafu akauliza kama wanawe wanakula vizuri. Nimeliweka jambo hili hapa kwa sababu makala ya mafunzo isiyotaja nani anaweza na nani hawezi ni nusu makala. Wakenya wengi wanaotoka hawahami na jamaa zao, na mbwa kupewa tarehe ya kusafiri ni bahati ambayo watoto wa shangazi yangu hawana.

Wengine watauliza kama jambo hili ni la siku hizi tu. La hasha. Milima ya Ngong, ambayo iko hapa hapa Kajiado, ilitazamana na shamba la kahawa la Mdenmarki Karen Blixen, aliyefika nchini mwaka 1914. Alipenda mbwa wakubwa wa mbio kutoka Uskoti, na ameandika habari zao katika kitabu chake Out of Africa kilichotoka mwaka 1937. Shamba lilipofilisika na yeye kulazimika kurudi kwao mwaka 1931, hakuondoka na mbwa wake. Anasimulia kwamba alikusudia kuwapiga risasi, kisha marafiki zake wakamwandikia barua wakiwaomba, akawagawa. Nilipoisoma sehemu hiyo nilishtuka kidogo. Mtu aliyewapenda vile aliona kuna njia mbili tu, risasi au rafiki. Njia ya ndege haikuwepo, na ya meli ilikuwa ndefu.

Na kuna mbwa wa upande wetu huu wa Afrika waliovuka bahari zamani hizo, nao wana hadithi inayotuhusu sisi watu wa lugha. Katika misitu ya Kongo kuna mbwa mdogo mwenye mkia uliojikunja, ambaye habweki kama wengine bali hutoa sauti kama ya kuimba. Wazungu walimwita basenji, jina ambalo ni ndugu wa neno letu “washenzi”. Mwaka 1895 wawili walipelekwa Uingereza wakaonyeshwa katika maonyesho ya Crufts jijini London, lakini hawakuishi; waliugua homa ya mbwa wakafa. Wengine walipelekwa miaka ya 1930, na mwaka 1937 watu walifurika Crufts kuwatazama. Leo wanafugwa Ulaya na Marekani na ni mbwa wa bei. Walioitwa mbwa wa washenzi sasa wana vitabu vya ukoo, na Popi wetu, ambaye babake hajulikani, anaulizwa nambari.

Walakini wale waliosafiri baadaye hawakuingia kirahisi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mbwa aliyetoka nchi kama yetu alifungiwa Uingereza katika karantini ya miezi sita. Miezi sita ndani ya banda, mwenyewe akienda kumtazama kama mfungwa. Mwaka 2000 mlango ulifunguliwa kwa mbwa wa nchi chache wenye chipu, chanjo na damu iliyopimwa. Kwa mbwa wa Kenya mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 1 Januari 2012, ndipo wakaruhusiwa kuingia bila kufungiwa, mradi wametimiza kalenda ile niliyoieleza. Ukiitazama hivyo, miezi mitatu ya Popi ya kungojea barazani kwetu ni nafuu. Mbwa anayefika bila kuitimiza bado anaweza kufungiwa hadi miezi minne kwa gharama ya mwenyewe, au kurudishwa alikotoka.

Nchi nyingine nitazitaja kwa ufupi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kalenda karibu sawa na hii, na Kenya haimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo cha damu. Marekani ilikaza mambo mwaka 2021, na tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa anayeingia huko ni lazima awe ametimiza miezi sita na awe na chipu. Akitoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na Kenya imo, anaingilia viwanja vichache vya ndege vilivyotajwa, na asipokuwa na majibu ya damu anafungiwa siku ishirini na nane. Kwa hiyo walioshinda grini kadi wasidhani wao wameponea. Ama Australia, hao hawana mchezo kabisa. Mwaka 2015 mwigizaji wa sinema Johnny Depp na mkewe waliingia huko kwa ndege ya binafsi na vijibwa vyao viwili bila kuvitangaza. Waziri wa kilimo alitangaza hadharani kwamba vijibwa vitoke haraka, la sivyo vitauawa. Vilirudishwa Marekani. Umaarufu haukusaidia kitu, na hilo lilinifurahisha kidogo.

Je, wale wasioweza kwenda na mbwa wao wafanye nini? Swali hili ndilo lililomfanya mzee asitulie usiku ule, kwa sababu ya jambo lililotokea katika mtaa wa nyuma yetu miaka miwili iliyopita. Familia moja ilihama ng'ambo ikamwachia soja mbwa wao na pesa za miezi miwili. Pesa zilipoisha soja akatafuta kazi kwingine. Mbwa alikaa getini siku nyingi, kisha akahamia jalalani, kisha asubuhi moja akamwuma mguuni mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akienda shule. Watu walimpiga mawe mbwa huyo mpaka akafa, na mzoga ukachomwa moto na takataka, kwa hiyo haikujulikana kamwe kama alikuwa mgonjwa. Mtoto ilibidi achukuliwe kuwa ameambukizwa. Kituo cha kwanza walichokwenda hakikuwa na dawa, wakaenda cha pili, wakaanza sindano moja baada ya nyingine. Leo mtoto huyo ni mzima na hucheza mpira mbele ya duka letu, ila hupita upande wa pili wa barabara akiona mbwa yeyote, hata Popi ambaye angemlamba tu.

Kwa wale ambao hawakufundishwa: ukiumwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano nzima, kwa saa. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa ataugua. Usipake mafuta ya gari, pilipili wala mchanganyiko wa jirani. Chanjo baada ya kuumwa ilijaribiwa na Louis Pasteur huko Paris mwaka 1885 kwa mtoto wa miaka tisa, akapona, na mpaka leo inaokoa watu ikiwahiwa.

Nilimwuliza babu yangu, ambaye boma lake liko upande wa Ilbissil, kama angewahi kusafiri na mbwa wake. Ana mbwa watatu, wembamba, na usiku fisi akikaribia zizi ndio wanaomwamsha. Alinitazama kwa huruma akasema, “Mjukuu wangu, mbwa ni wa boma, si wa mtu. Nikiondoka mimi, wao wana kazi.” Nilimweleza kwamba jirani zetu hawaachi boma, wanaachia mpangaji. Akafikiri, akasema kwamba basi wamkabidhi mtu mkononi mbele ya mashahidi, kama ng'ombe. Nimelifikiri neno hilo la mkononi. Soja alipewa mbwa getini. Hakuna aliyeandika chochote, hakuna kadi ya chanjo iliyopokewa, hakuna aliyerudi kuuliza. Mwenye kushindwa kabisa kumpata mtu anaweza kuwauliza wale wa KSPCA walioko Karen, ambao hupokea wanyama na kuwatafutia makao mapya, lakini aulize mapema, si asubuhi ya safari.

Popi mwenyewe yuko katika hatua za mwisho sasa ninapoandika. Tarehe 24 Juni ilipita tukiwa darasani, sikumwambia mtu. Kizimba chake kimefika na kiko sebuleni kwetu, kimeziba nusu ya kabati la vyombo. Kipimo chake si cha kukisia: ni lazima asimame humo bila kichwa kugusa juu, ageuke, na alale akiwa amejinyosha. Daktari alitushauri tukilete mapema, mlango tuutoe, na chakula tukiweke ndani, ili siku ya ndege pasiwe pahali pageni. Dawa za kumlaza hazifai, kwa sababu huko juu zinaweza kumzuia kupumua vizuri. Siku tatu za kwanza alikizunguka tu. Siku ya nne aliingiza kichwa. Sasa analala humo usiku kucha, na nimeweka ndani sweta kuukuu ya rafiki yangu aliyoisahau.

Yaliyobaki ni ya Agosti. Cheti cha afya kinatolewa siku kumi za mwisho na kupitishwa na Idara ya Huduma za Mifugo kule Kabete. Kati ya saa ishirini na nne na saa mia moja na ishirini kabla ya kufika, daktari anampa dawa ya aina fulani ya tegu ambayo Waingereza hawana kwao, na kuandika saa yenyewe kwenye cheti, maana ukiwahi sana au ukichelewa sana ni kosa. Mwishowe anapandishwa katika ndege kama mzigo, si katika viti, na kule Heathrow kuna kituo maalumu cha kupokelea wanyama ambako watapitisha mashine mgongoni na kusoma nambari. Mzee amesema nitakwenda naye mpaka uwanja wa ndege. Nimeshaomba ruhusa ya siku hiyo kwa mwalimu wa darasa.

Zoezi kwa wanachama: Familia moja ya Ongata Rongai inatakiwa kufika Uingereza pamoja na mbwa wao tarehe 1 Septemba. Mbwa amechanjwa kwa chifu lakini hana chipu. Ni lini siku ya mwisho kabisa ya kumtia chipu na kumchanja upya? Andika jibu lako kwa Kiswahili sanifu, tarehe zote kwa maneno, ulitie katika sanduku la chama kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao.